Magunia 12 ya mahindi: kisa cha kupima kuzungumza na kufikiri katika somo la Kiingereza, Kidato cha Tatu

Usuli

Shule inayozungumziwa hapa ni sekondari ya kata, ya kutwa, iliyoko kwenye mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Jina lake na majina ya wahusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kuitambulisha yamebadilishwa. Idara ya Kiingereza iliniomba, mimi mkufunzi wa ualimu, nikae nao muhula mmoja. Sikufundisha wala sikutoa alama. Kazi yangu ilikuwa kuhudhuria vikao vya idara na kusikiliza rekodi pamoja nao.

Kidato cha Tatu kilikuwa na mikondo miwili, kila mmoja na wanafunzi 68. Mkondo mmoja ulifundishwa na Mwalimu A, mwanamke mwenye uzoefu mrefu, na wa pili na Mwalimu B, kijana aliyeajiriwa si zamani. Wanafunzi wote walitoka shule za msingi za serikali, ambako hesabu, sayansi na maarifa ya jamii hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza huwa ni somo moja kati ya mengine. Wakiingia sekondari mambo hugeuka: karibu kila somo hufundishwa kwa Kiingereza. Ipo kozi ya awali ya wiki chache ya kuwavusha, lakini anayefundisha Kidato cha Tatu anajua kwamba wengi bado wako katikati ya mto.

Mtaala wa sekondari uligeukia ujenzi wa umahiri mwaka 2005, na muhtasari wa somo unataka mwanafunzi aongee na atoe hoja. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne wa somo hilo ni wa maandishi. Hakuna chumba anakoingia mtahiniwa akazungumza. Hata jirani zetu Kenya, ambao wana sehemu ya stadi za kuzungumza ndani ya karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, huipima sehemu hiyo kwa kalamu. Kwa hiyo kuzungumza kunabaki mikononi mwa mwalimu wa darasa na alama zake za maendeleo, na mwalimu huyo ana wanafunzi 68.

Tatizo lilivyojitokeza

Hadi muhula huo idara ilikuwa na njia mbili za kupima kuzungumza. Ya kwanza ni hotuba: mwanafunzi anasimama mbele, anaongea dakika mbili, anapewa alama kati ya 10. Ya pili ni mdahalo wa Ijumaa. Msomaji aliyesoma Tanzania au Kenya anaijua midahalo hii. Mada ni ileile iliyokuwepo wakati wa wazazi wetu, elimu ni bora kuliko fedha, na kila msemaji huanza kwa “Honourable chairperson, secretary, timekeeper, my fellow students” hadi nusu ya muda wake inakwisha kabla hajasema kitu. Nimehudhuria midahalo mingi ya namna hiyo na sikumbuki hata mmoja ambao mshindi hakuwa mwenye sauti kubwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwenye paredi linapigiwa makofi.

Mambo mawili yaliifanya idara isimame na kujiuliza. Kwanza, wakati wa hotuba za muhula wa kwanza, wanafunzi wanne wa mkondo mmoja walitoa hotuba moja neno kwa neno, pamoja na kosa lake: wote walisema elimu ni “the key of life” na wote walikwama mahali pamoja. Aliyeiandika alipata 7. Aliyeikariri vizuri zaidi alipata 9.

La pili lilitokea shambani. Shule ina shamba la mahindi, na siku ya kuvuna mwanafunzi mmoja, tumwite R, alibishana na Mwalimu A kwa Kiswahili kuhusu kama mahindi yauzwe au yapikwe uji. Alipanga hoja zake hatua kwa hatua, akataja hasara ya kila upande, na mwalimu alipompinga akakubali jambo moja na kukataa jingine. Mwalimu A alirudi ofisini akafungua daftari la alama. Kwenye hotuba R alikuwa na 3.

Swali lililoletwa kwenye kikao cha idara lilikuwa jepesi kulitamka: ile 3 inapima nini?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kutenganisha alama. Jedwali la vigezo likawa na kanda mbili, lugha na hoja, kila mmoja ukiwa na alama 5. Katika ukanda wa lugha, idara ilitazama kwanza viwango vya umahiri wa lugha vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001, vile vya A1 hadi C2, ambavyo kwa upande wa kuzungumza vinatenganisha upana wa lugha, usahihi, ufasaha, kushirikiana kwenye mazungumzo na mtiririko. Ni mgawanyo mzuri kwa mtahini anayekaa na watahiniwa wawili chumbani. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wanne mbele yake na 64 nyuma yake, safu tano hazijaziki. Wakabakiza mambo mawili: je, tunamwelewa, na je, anawasikiliza na kuwajibu wenzake. Makosa ya sarufi yasiyozuia maana hayakukatwa alama.

Ukanda wa hoja ulileta ubishi zaidi. Maneno “fikra tunduizi” yameandikwa kwenye kila andalio la somo nchini, lakini ukimwuliza mwalimu atayaonaje kwa macho, mara nyingi anasema mwanafunzi “anachangamka”. Niliwaletea orodha ya jopo la wataalamu lililoongozwa na Peter Facione nchini Marekani, ambalo mwaka 1990 lilitaja stadi sita: kufasiri, kuchambua, kutathmini, kutoa hitimisho kutokana na ushahidi, kueleza, na kujikagua mwenyewe. Sita nazo zilikuwa nyingi mno kwa dakika chache. Idara ilichagua yale yanayosikika masikioni: ametoa sababu inayobeba dai lake? Ametumia taarifa aliyopewa au anayoijua? Akipingwa, anafanya nini?

Hotuba ikaondolewa, yakawekwa mazungumzo ya watu wanne, dakika 8, juu ya uamuzi wa kweli. Jambo lenyewe lilikuwa mezani tayari: shule ina magunia 12 ya mahindi, iyauze inunue madawati au iyapike uji wa mchana? Sababu ya kuchagua hilo ni kwamba halina jibu la kukariri. Hakuna kitini cha mada hiyo stendi.

Kisha likaja suala la Kiswahili. Mwalimu B alipendekeza wanafunzi wapewe dakika 10 za kujiandaa kwa lugha yoyote, halafu waongee kwa Kiingereza. Shule ilikuwa na kibao getini kinachowataka wanafunzi waongee Kiingereza tu, na Mkuu wa shule hakupenda. Alisema kwa upole, lakini alimaanisha: “Walimu wangu, mzazi akipita dirishani akasikia Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, mimi nitamwambia nini?” Mwalimu A alimjibu kwamba mzazi huyohuyo akitaka kufikiri jambo zito nyumbani halifikirii kwa Kiingereza. Walifika mahali pa kukubaliana: Kiswahili kitumike kwenye maandalizi tu, na katika mazungumzo mwanafunzi aliyekosa neno anaweza kulitumia la Kiswahili kwa sharti kwamba alieleze kwa Kiingereza kadiri anavyoweza.

Mwisho, kila mwanafunzi angeulizwa swali moja la papo hapo na mwalimu, ambalo hakulijua kabla. Walimu waliandaa maswali machache kwenye kadi, yakiulizwa kwa Kiingereza chepesi: nani ataumia tukifuata ushauri wako? Umejuaje? Nini kingekufanya ubadili msimamo? Mwenzako amesema nini, na hukubaliani naye wapi?

Yapo yaliyokataliwa. Mkoba wa kazi za sauti, ambao mwanafunzi angejirekodi nyumbani na kuleta, ulifutwa siku ileile ulipotajwa, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na si kila nyumba ina simu janja. Rekodi zingefanywa kwa simu za walimu wenyewe. Wazazi waliandikiwa barua na kusaini, kwani wanafunzi ni watoto na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Ilikubaliwa pia kwamba rekodi zisikilizwe na idara tu na zifutwe alama zikishafungwa.

Duru ya kwanza

Hesabu ya muda ilikuwa hivi. Wanafunzi 68 ni vikundi 17. Kipindi pacha cha dakika 80 kinameza vikundi vitatu, ukihesabu maandalizi, kubadilishana nafasi na mwalimu kuinua macho kuona wengine wanafanya nini. Hivyo kila mkondo ulihitaji vipindi pacha sita, yaani wiki tatu. Wengine walipewa zoezi la ufahamu la kuandika.

Vikundi vilipangwa kwa kufuata rejista. Haikufaa. Kikundi cha kwanza kabisa kilikuwa na monita wa darasa, na monita akaongea dakika tano mfululizo. Aliyefuata akasema “I support my fellow”. Wa tatu naye akasema “I also support my fellow”. Wa nne, ambaye alikuwa R, akatikisa kichwa. Mwalimu A alikuwa na karatasi yenye kanda mbili na wanafunzi watatu ambao hakuna cha kuwaandikia.

Hali hiyo ilijirudia kwenye vikundi vingi, hasa vyenye mvulana mmoja mzungumzaji na wasichana watatu. Sauti nazo hazikusikika kwenye rekodi kwa sababu walikaa kona ya nyuma ya darasa, na zoezi la ufahamu la wanafunzi 64 si zoezi la kimya. Kufikia wiki ya pili mazungumzo yalihamia barazani, nje ya mlango, mwalimu akiwa amekaa pembeni ili aone pande zote mbili.

Kwenye duru hiyo wanafunzi walitakiwa pia kupeana alama wenyewe kwa wenyewe. Karatasi zilirudi na 8 na 9, mstari baada ya mstari. Waliokaa dawati moja walipeana 10. Mwanafunzi mmoja alimwambia Mwalimu B waziwazi: “Sir, nikimpa tano leo, kesho kwenye hesabu nitamwomba nani anisaidie?” Alama hizo hazikutumika.

Kitu kimoja tu kilionekana kufanya kazi, nacho ni swali la papo hapo. Pale monita alipoulizwa nani ataumia wakiuza mahindi yote, alinyamaza, kisha akaanza tena hotuba yake kuanzia sentensi ya kwanza. Mwalimu A alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali lilelile taratibu. Monita akasema, “Yes, Madam.”

Duru ya pili

Wiki chache baadaye walirudia na mada ileile. Mwalimu wa taaluma alihoji kwa nini mada isibadilishwe, na jibu la idara lilikuwa kwamba wanataka kuona kama njia imebadilika, na ukibadilisha njia na mada kwa pamoja hujui ni kipi kimefanya kazi.

Badiliko kubwa lilikuwa kadi za taarifa. Kila mmoja wa wanne alipewa kadi ambayo wenzake hawaioni. Ya kwanza ilikuwa na bei ya gunia sokoni wakati huo wa mavuno na bei ya Januari iliyopita. Ya pili ilieleza kiasi cha mahindi kilicholiwa na dumuzi stoo mwaka uliotangulia. Ya tatu ilionyesha madarasa ambayo wanafunzi watatu wanabanana kwenye dawati la wawili. Ya nne ilikuwa nakala ya mahudhurio ya vipindi vya mchana, ambayo hushuka siku zisizo na uji. Kikundi hakiwezi kuamua bila kadi zote nne, kwa hiyo hakuna wa kumwunga mkono mwenzake na kukaa.

Vikundi pia vilipangwa upya. Wazungumzaji wakubwa waliwekwa pamoja, na wanyamavu pamoja. Hili lilimtia Mwalimu A wasiwasi, akihofia vikundi vya wanyamavu vitakaa kimya dakika 8. Cha kwanza kilikaa kimya kama dakika moja. Kisha msichana mwenye kadi ya mahudhurio akasoma takwimu zake, akawatazama wenzake, akauliza, “So, what about price?” Tangu hapo hawakunyamaza. Kikundi cha wazungumzaji wakubwa, kinyume chake, ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kukipima: wanne wakiongea kwa mpigo, kila mmoja akisubiri mwenzake avute pumzi.

Badala ya kupeana alama, wanafunzi waliandika sentensi moja: hoja bora uliyoisikia kutoka kwa mwenzako, na kwa nini. Waliandika vizuri kuliko nilivyotarajia, na walimu wakapata ushahidi wa usikilizaji ambao hawakuwa wameuomba.

Masikio mawili, alama mbili

Sehemu iliyowafunza walimu zaidi haikutokea darasani. Walikubaliana kubadilishana rekodi: A asikilize baadhi ya vikundi vya B na B vya A, kila mmoja atoe alama bila kuona za mwenzake. Kwenye lugha walikaribiana. Kwenye hoja walipishana vibaya, na kisa kilichochukua kikao kizima kilikuwa cha R na mwanafunzi mwingine, K, ambaye kwa miaka yote alikuwa nyota wa mdahalo.

K alisema, na ninanukuu kutoka rekodi: “Furthermore, maize is very important to human being. In addition, desks are also important to the students. Therefore, we should consider both.”

R alisema: “Now price is down, everybody is selling. January price is up. But if we wait, the dumuzi eat. Dumuzi, small insect in store. So sell six, keep six for uji.”

Mwalimu A alimpa K alama 4 za hoja na R alama 2. Mwalimu B alimpa K 1 na R 4.

Walisikiliza tena. Mwalimu B aliomba jambo moja: waandike kila kauli bila viunganishi, kisha waone kinachobaki. Kwa K kilichobaki ni kwamba mahindi ni muhimu, madawati ni muhimu, tufikirie vyote. Hakuna sababu hata moja, wala uamuzi. Kwa R palibaki tofauti ya bei kwa wakati, hatari inayopinga faida ya kusubiri, na uamuzi unaogawanya hatari hiyo. Neno “so” alilitumia mara moja, na lilibeba mzigo.

Mwalimu A alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba sisi wenyewe ndio tunaowafundisha hivyo. Ni kweli. Kwenye insha tunawapa orodha ya viunganishi, tunavipigia tiki, na sikio letu limezoea kwamba palipo na “furthermore” pana kufikiri. Kwenye jedwali la vigezo, chini ya ukanda wa hoja, waliongeza maelezo kwamba viunganishi vihesabiwe kwenye lugha peke yake.

Kisha wakacheza swali la papo hapo la R. Mwalimu alimwuliza: je, shule ikipata mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hawaishi? R alifikiri, akasema: “Then we wait. But not all, because uji is every day.” Alibadilisha sehemu ya uamuzi iliyotegemea dumuzi, akaacha ile iliyotegemea njaa. Walimu wote wawili walimpa 5.

Matokeo

R alimaliza na 2 za lugha na 5 za hoja. K alipata 4 na 1, jumla 5, yeye aliyezoea 9. Alikwenda ofisini. “Madam, mimi ndiye ninayeongea kuliko wote.” Mwalimu A hakubishana naye. Alimpa simu, akamwambia asikilize sauti yake mwenyewe na aoneshe ni wapi ametoa sababu. K alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakuipata, na alikasirika. Kwenye zoezi dogo la mwezi uliofuata alianza kwa kusema bei ya kitu alichokuwa anakipinga.

Idadi ya wanafunzi waliojibu swali la papo hapo bila kurudi kwenye walichokiandaa ilikuwa ndogo kwenye duru ya kwanza, na kwenye ya pili walikuwa wengi kuliko walioshindwa. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mada kurudiwa, na sehemu nyingine na kadi. Kisa hiki hakiwezi kuzipambanua.

Mtihani wa maandishi wa mwisho wa mwaka haukuonyesha badiliko la kujivunia. Mwalimu wa taaluma alilisema hilo kwenye kikao cha walimu, na alikuwa na haki: vipindi pacha 12 kwa kila mkondo vilikwenda kwenye mazungumzo, na mada mbili za muhtasari zilifundishwa mbiombio mwezi Novemba. Mkuu wa shule aliamua njia hii ibaki, lakini duru moja tu kwa muhula na kwa Kidato cha Tatu peke yake. Kidato cha Pili na cha Nne, vyenye mitihani ya taifa, viliachwa.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mwalimu B alipata uhamisho. Aliyekuja nafasi yake alikabidhiwa bahasha ya kadi na jedwali la vigezo, bila rekodi, kwa kuwa zilikuwa zimefutwa kama ilivyoahidiwa kwa wazazi. Muhula wake wa kwanza alirudisha hotuba za dakika mbili.

Uchambuzi

Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja cha kupeleka shule nyingine, ningeacha kanda mbili, kadi na mazungumzo ya wanne, nikachukua swali la papo hapo. Linagharimu nusu dakika. Linaweza kuwekwa mwisho wa hotuba ileile ya zamani, hata mwisho wa mdahalo wa Ijumaa, bila kuomba ruhusa ya mtu. Aliyekariri anaonekana mara moja, na aliyefikiri anapata nafasi ambayo hotuba haikumpa. Lina sharti moja: lazima litokane na alichosema mwanafunzi. Mwalimu B, alipochoka, alikuwa akisoma swali linalofuata kwenye rundo la kadi, na mara mbili tatu alimwuliza mtu jambo ambalo alikuwa amekwisha kulieleza. Majibu ya pale hayapimi kitu.

Kutenganisha lugha na hoja kulifaa, ingawa si kwa usafi ambao jedwali linaahidi. Hoja ya R ilisikika kwa sababu Kiingereza chake, kibovu kama kilivyo, kilitosha kuibeba. Wapo ambao hakikutosha. Katika mkondo wa B kuna mvulana ambaye maandalizi yake ya Kiswahili yalikuwa kurasa mbili za hesabu ya faida na hasara, na barazani alitoa maneno sita. Alipata 1 ya hoja. Jedwali linasema alama hiyo ni ya kufikiri, na kila aliyesoma zile kurasa mbili anajua sivyo. Pendekezo la kuhesabu maandalizi ya Kiswahili kama ushahidi wa hoja lilitolewa na Mwalimu A, likakataliwa na wengine kwa kuwa somo ni la Kiingereza. Mimi niko upande wa Mwalimu A: ukishasema unapima kufikiri, huna sababu ya kuufumbia macho ushahidi wake kwa kuwa umekuja kwa lugha nyingine. Ila naelewa kwamba mwalimu atakayefanya hivyo itambidi amweleze Mkuu, na Mkuu amweleze mzazi wa dirishani.

Dakika 10 za Kiswahili zilikuwa na athari mbili zinazovutana. Wengi walikuja na mawazo ambayo wasingeyapata kwa kuanza na Kiingereza. Wachache walitumia muda huo kumtafuta mwenzao anayejua Kiingereza awaandikie sentensi, wakazikariri. Ile hotuba tuliyoifukuza mlangoni ilirudi kwa dirishani kwa sura ya dakika moja. Kadi zilipunguza hilo, kwa vile zilitolewa baada ya maandalizi kuanza na hazikuacha nafasi ya kutunga.

Kuhusu kupeana alama, sioni sababu ya kuwalaumu wanafunzi. Darasani kwa wengi wao msaada wa mwenzako ndio kitabu ulichonacho, na kumtaka mtu aweke tarakimu juu ya anayemtegemea ni kumwomba asiseme kweli. Sentensi ya hoja bora ilifanya kazi kwa kuwa ilimwomba asifu na atoe sababu, kazi ambayo angeweza kuifanya bila kuvunja urafiki.

Kubadilishana rekodi ndiko kulikowabadilisha walimu, na ndiko kutakakoachwa kwanza mambo yakiwa mengi. Kulihitaji watu wawili, saa za jioni na chaji ya simu. Mwalimu mpya alipata karatasi lakini hakupata kile kikao cha K na R, na bila kikao hicho jedwali ni fomu nyingine tu ya kujaza. Kwa maoni yangu idara ingeomba ridhaa ya wazazi mapema kwa rekodi mbili au tatu zibaki za kufundishia walimu, sauti zikiwa zimetenganishwa na majina.

Limebaki suala la fomu. Fomu ya alama za maendeleo ina kisanduku kimoja kwa mwanafunzi. R anaingia humo kama 7, na mwenzake mwenye 5 za lugha na 2 za hoja naye anaingia kama 7. Idara ilijadili kuandika alama zote mbili kwenye ripoti ya mzazi na moja tu kwenye fomu rasmi. Mwalimu A ameshaanza kufanya hivyo kwa mkondo wake, kwa kalamu, pembeni mwa ripoti.